Mkeka Mkavu

Nilirudi Ifakara mwezi wa sita kumwambia mama jambo moja. Nilikuwa nalo tangu nina miaka kumi na miwili, na nimezunguka nalo nchi hii mpaka nikazoea uzito wake. Nimekaa nalo juu ya malori ya mbao Mafinga, nimelala nalo kwenye machimbo ya Chunya, nimeanika nalo dagaa Ukerewe. Kila mahali nilikaa mwaka, mwaka na nusu, kisha nikafunga begi. Watu wakiniuliza kwa nini situlii, husema miguu inaniwasha. Ni jibu linalochekesha, na mtu akishacheka haulizi tena.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu aliniomba maji, nikamnyima, na kesho yake akapelekwa hospitali, akafa.

Mama hakujua. Kwa miaka zaidi ya thelathini aliamini kwamba mtoto alikufa kwa sababu yeye alituacha peke yetu shambani. Aliyasema hayo kila tulipotaja jina la marehemu, mpaka tukaacha kulitaja. Sasa amezeeka. Niliona si haki aende kaburini na kosa ambalo si lake.

Nilimkuta barazani, kwenye kigoda, ungo uko mapajani, anachambua mchele. Nyumba yetu iko karibu na mashine ya kukoboa, kwa hiyo msimu wa mavuno mtu huongea kwa sauti ya juu, na vumbi la pumba hutua juu ya kila kitu, hata juu ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

Sikujua kama macho yamepungua au ananisuta.

"Mimi mwanao."

"Wanangu nawajua, wanakaa karibu. Wewe ni mgeni. Karibu, mgeni." Akageuza shingo kuelekea ndani. "Mke mwenza! Mletee mgeni maji ya kunywa."

Aliyeitwa mke mwenza ni mjukuu wake, mtoto wa dada yangu. Dada yuko Malinyi, anafanya biashara ya samaki wakavu, na binti anakaa na bibi yake shule zikifungwa. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha tano. Alitoka na kikombe cha bati na daftari kwapani, akapiga goti kidogo, akaniamkia.

"Mjomba, wewe biolojia ulipata ngapi?"

"Nilipata F. Lakini ilikuwa F nzuri, iliyonyooka."

Alicheka. Mama hakucheka. Aliniangalia nikinywa maji mpaka nikamaliza, akapokea kikombe mwenyewe.

Nilipanga kumwambia siku ile ile, lakini sikumwambia. Wala ya pili yake. Nilikuwa naamka nimeshapanga maneno, nikimaliza kunawa uso hayapo.

Isitoshe, baraza lile halikuwa na nafasi. Binti alikuwa ameanguka mtihani wa mwisho wa mwaka katika mada mbili za mwanzo kabisa, ile ya seli na ile ya molekuli zinazojenga viumbe hai, na anataka kusomea uuguzi. Mwalimu wao amewaambia kwamba kama huwezi kumweleza jambo bibi yako kwa lugha ya nyumbani likamwingia, basi wewe umekariri tu, hujaelewa. Wenzake waliona ni mzaha. Yeye aliamua kumfundisha bibi yake kweli, mada kwa mada, saa tisa alasiri, wakati mama anachambua mchele.

"Bibi, mwili wako wote umejengwa kwa vyumba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila kimoja ni seli."

"Nani alivijenga?"

"Vinajijenga vyenyewe. Kimoja kinagawanyika kuwa viwili."

"Mungu anasikia unavyosema?"

"Mungu ndiye aliyevipa maelekezo, bibi. Maelekezo yanakaa kwenye kiini."

"Haya. Endelea."

Mama si mtu wa kudanganywa. Alipoambiwa kwamba seli ina utando unaochagua nini kipite na nini kibaki, alitaka kujua utando hauna mikono, unachaguaje. Binti alibabaika, akarudi kwenye kitabu, akafikiri, akaenda jikoni akaleta fungu la mchicha ulionyauka tangu asubuhi. Akautia kwenye beseni la maji.

"Subiri uone. Maji yanapita yenyewe, yanakwenda kule yaliko machache. Yakiingia, seli inajaa, jani linasimama. Yakitoka, linalala."

"Hilo nalijua tangu hajazaliwa mama yako," mama akasema. Lakini aliendelea kuutazama mchicha, na ulipoanza kusimama aliguna kama mtu aliyekubali bei.

Siku nyingine tulisoma damu. Nasema tulisoma, maana na mimi nilikuwa naleta stuli yangu. Nilisikia kwamba chembe nyekundu ya damu, ikishakomaa, hukitupa kiini chake nje ili ipate nafasi ya kubeba zaidi. Haina tena maelekezo, haiwezi kujitengeneza ikiharibika. Inazunguka tu mwilini, mapafuni na kurudi, miezi kama minne, halafu inavunjwa.

"Kama huyu," mama akasema, akininyooshea kidole kilichojaa unga wa mchele. "Naye alikitupa akaanza kuzunguka."

Binti alicheka mpaka daftari likamdondoka. Nami nilicheka. Niliporudi ndani kuchukua kofia niliona uso wangu kwenye kioo cha ukutani, nikakaa kitandani kidogo.

Inabidi nieleze habari za dungu, kwa sababu yote yalitokea huko.

Mashamba yetu ya mpunga yalikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Siku hizi kuna daraja, mtu anavuka kabla hajamaliza sentensi. Zamani hizo ilikuwa kivuko, na kivuko kikigoma, mtumbwi. Kwa sababu hiyo mpunga ulipoanza kupevuka familia zilihamia shambani, zikakaa kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa kwa nguzo juu ya maji na nyoka, mpaka mavuno yaishe. Kazi ya watoto ilikuwa kuamia ndege. Unaamka kabla yao, unapiga makopo, unarusha udongo kwa kombeo, unakimbia kwenye matuta unapiga kelele, na jua linakupiga. Ukizubaa nusu saa wanashuka kundi zima, wanakuachia mabua.

Mwaka ule baba alikuwa kwenye vibarua vya miwa, na mama alikuwa na mtoto mchanga, huyo dada yangu wa Malinyi. Hakuweza kulala dunguni na kichanga kwenye mbu. Tulikaa sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa miaka saba, na majirani walikuwa madungu mawili mbele, umbali wa kuitana. Mama alivuka asubuhi, kila baada ya siku moja, kutuletea unga na kuona tunaendeleaje.

Mdogo wangu alikuwa mtoto wa kuugua. Alipokuwa anatambaa, vidole vyake vilivimba kama ndizi fupi, vikapona vyenyewe. Macho yalikuwa na umanjano. Mara kwa mara alilala siku mbili akilia miguu, na watu walisema ni baridi ya mifupa, wengine wakasema ni kijicho. Akipata nafuu alikuwa mchekeshaji. Aliweza kumuiga padri akikohoa katikati ya misa, mpaka mama akamfinya huku naye akijizuia kucheka.

Na alikojoa kitandani. Si mara moja, ni kila siku, na mkojo wake ulikuwa mwingi. Nyumbani lilikuwa jambo la kuvumilika, lakini dunguni mkeka ulikuwa mmoja, na wakati wa umande na manyunyu ya mwisho wa masika mkeka ukilowa haukauki. Unalala kwenye unyevu, unaamka unanuka, na majirani wanakuita kikojozi hata kama si wewe. Basi mama akaweka sheria. Jua likishaegemea upande wa milima, mtoto asipewe maji. Ni sheria ya nyumba nyingi kule kwetu. Sidhani kama kuna mama aliyeiona kuwa ukatili.

Mimi nilikabidhiwa dumu la maji.

Asubuhi mama akifika, kabla hata ya kutua mzigo, alipanda ngazi ya dungu na kuupapasa mkeka kwa kiganja. Ukiwa umelowa alinyamaza. Ukiwa mkavu alinigeukia: "Leo mkavu. Umekuwa mtu mzima sasa." Hakuwa mtu wa kusifu. Baba naye sifa hakuzijua kabisa. Yale maneno niliyataka kama mtoto mwingine anavyotaka sukari.

Nikagundua kwamba kuzuia maji jioni peke yake hakutoshi. Nikaanza kuzuia saa tisa. Kisha saa sita. Mwishowe mtoto alikuwa anapata kikombe kimoja asubuhi na uji, basi, na kutwa nzima tunakimbizana na ndege juani. Dumu nililining'iniza kwenye nguzo ambako hafiki. Mkeka ukawa mkavu mara nne mfululizo.

Siku ile ya mwisho alianza kulalamika miguu mchana. Alikaa chini ya dungu kwenye kivuli, akasema, "Kaka, naomba maji." Nilimwambia bado. Akasema miguu inavunjika. Nikadhani ni ujanja. Alikuwa hodari wa kuigiza, nimeshasema. Nikamwambia, "Muige padri kwanza." Alijaribu kukohoa. Kisha akaacha, akajilaza kwenye udongo.

Mama alipofika asubuhi alimkuta amevimba tumbo, anapumua juu juu, midomo imepasuka. Alimfunga mgongoni, akakimbia hadi mtoni. Sikuruhusiwa kufuata, kwa sababu ya ndege. Hospitalini walimwambia damu imekwisha mwilini. Hawakumweleza zaidi, au walimweleza na hakusikia. Nililetewa habari na jirani, nikiwa na kombeo mkononi. Mkeka ulikuwa mkavu siku hiyo pia, na hakuna aliyeupapasa.

Basi siku ya sita au ya saba tangu nirudi, niliamua kwamba somo la siku hiyo likiisha nitamwambia. Nilivaa shati safi kabisa, kama anayekwenda ofisini.

Somo lilikuwa protini. Binti alisogeza kigoda karibu na ungo.

"Chembe nyekundu imejaa protini moja, bibi, inaitwa himoglobini. Ndiyo inayobeba hewa. Protini ni mnyororo. Ngoja nikuoneshe." Akachukua punje za mchele, akazipanga mstari ukingoni mwa ungo. "Kila punje ni asidi amino. Mnyororo huu una punje mia moja arobaini na sita. Sitazipanga zote, utanifukuza."

"Nitakufukuza kweli. Huo ni mchele wa kesho."

"Sasa tazama." Akahesabu, akaitoa punje ya sita, na mahali pake akaweka chuya, ile punje ambayo mashine imeiacha na ganda lake. "Watu wengine wanazaliwa hivi. Ya sita imekosewa. Nyingine zote ni sawa."

"Chuya moja tu?"

"Moja."

"Chuya moja haiharibu wali."

"Humu inaharibu, bibi. Punje iliyotoka ilikuwa inapenda maji. Hii inayakimbia. Himoglobini ikishaitua hewa, ile chuya inatafuta pa kujificha, inaishika himoglobini ya jirani, na yule anamshika mwingine, zinakuwa fito ndefu ndani ya chembe. Chembe inapinda. Inakuwa kama mundu."

"Mundu huu wa kuvunia?"

"Huo huo. Ndiyo maana inaitwa selimundu. Sasa mundu unapitaje kwenye mshipa mwembamba? Unakwama. Mtoto anavimba vidole. Anaumwa mifupa. Macho yanakuwa ya manjano, kwa sababu chembe zinavunjika haraka. Hata figo zinashindwa kuubana mkojo, kwa hiyo anakojoa sana, na kitandani pia."

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo.

Binti hakujua. Aliambiwa tu kwamba alikuwa na mjomba mwingine aliyekufa kwa homa utotoni. Alikuwa anaangalia daftari lake, anafurahi kwamba maneno yanakuja.

"Anayapata wapi hayo?" mama akauliza.

"Kwa wazazi. Nusu kwa mama, nusu kwa baba. Wao wenyewe hawaumwi. Tena mwenye nusu, malaria haimpigi sana."

Mama kwa miaka yote alijisifu kwamba malaria haijawahi kumlaza. Aliniangalia, akarudisha macho kwa mjukuu.

"Na dawa?"

"Siku hizi zipo, bibi. Lakini cha kwanza ni maji. Anywe maji mengi, asiachwe na kiu, hasa kwenye jua. Unakumbuka mchicha? Chembe ikipungukiwa maji, zile himoglobini zinabanana, zinashikana upesi zaidi."

"Akinyimwa maji je?"

"Akinyimwa si ndiyo unamuua? Lakini nani atamnyima mtoto maji, bibi jamani?"

Mashine ya kukoboa ilikuwa inaunguruma. Mama alifungua taratibu fundo la kanga yake, akatoa noti.

"Mke mwenza, nenda dukani ulete chumvi."

"Chumvi ipo."

"Nenda."

Binti alipokwisha kupita kona, mama alisema, bila kuniangalia, "Mimi ndiye niliyeweka ile sheria."

Nilikuwa nimekuja na kosa langu, kumbe pale barazani lilikuwa limeshapata mwenyewe. Maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni: mama, wewe ulisema jioni, mimi nilianza saa sita. Ungeweza kufikiri kwamba yangempunguzia mzigo. Nilimtazama mikono, ile iliyokuwa ikipapasa mkeka, nikaona ingekuwaje. Angeniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Ningejibu nini? Ningejibu kwamba nilitaka anisifu. Kila mlango niliojaribu ulimrudia yeye.

"Nilikuwa nampa, mama," nikasema.

"Nini?"

"Maji. Ukishaondoka tu, nilikuwa nampa. Kwa kujificha. Jioni pia, kikombe kizima."

Aligeuka sasa, akanitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama mchele anapotafuta mawe.

"Mkeka ulikuwa mkavu."

"Nilikuwa nauanika kabla hujafika."

"Kwenye umande ule?"

"Kwenye moto. Nilikuwa nauanikia motoni."

Alitafuna kitu kisichokuwapo. "Haukuwa na harufu ya moshi," akasema. Halafu, "Wewe ulikuwa mwongo tangu mdogo."

Sijui alimaanisha nini. Inawezekana alimaanisha kwamba nilimdanganya utotoni, nikampa ndugu yangu maji kwa siri, na kwamba ananishukuru. Inawezekana alimaanisha kinginecho. Aliitoa ile chuya ukingoni kwa ncha ya ukucha, akaimenya ganda lake kwa meno, akairudisha kwenye mchele. Punje nyingine alizisukuma zote ndani, akatikisa ungo. Binti aliporudi na chumvi ya pili aliuliza nani kamharibia himoglobini yake.

Nilikaa siku nne zaidi. Mama aliendelea kusikiliza masomo, ila hakuuliza tena maswali. Siku ya nne nilivuka daraja nikatafuta mahali lilipokuwa dungu letu. Sasa kuna shamba la mtu mwingine na banda la bati. Ndege walikuwa wametulia juu ya mpunga uliobaki, na hakuna aliyewafukuza. Nilisimama pale na mikono mitupu mpaka mwenye shamba akaja kuniuliza kama nimepotea.

Niliondoka asubuhi ya kesho yake. Mama hakunizuia. Nilikuwa nimeshafunga begi alipotoka ndani na chupa ya plastiki iliyojaa maji, akaiweka mwenyewe kwenye mfuko wa pembeni, akaupiga kwa kiganja mara mbili, kama anahakikisha.

Siku hizi niko Makambako, napakia viazi na kusafiri navyo kwenye malori. Binti ananiandikia kwenye simu. Amerudia mtihani, ameulizwa himoglobini, amefaulu. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Mjomba, bibi anakusalimia. Anauliza kama unakunywa maji." Ni wiki ya tatu sasa na sijamjibu. Nikisema ndiyo, mama atajua ni uongo. Nikisema hapana, atalia. Chupa ile ninayo bado, pembeni ya begi. Sijaifungua, na kila tukisimama njiani huipapasa kujua kama haijavuja.